Masinia ya Mama Povu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wa jikoni mliokuja na masinia mkayaficha chini ya viti mkidhani hatujayaona, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome historia yake, na imenisihi nisome kwa utulivu, lakini jamani, historia yenyewe haisomeki kwa utulivu, kwa hiyo mtanivumilia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Alianza shule ya msingi mwaka 1977 akamaliza 1983, na kwa kuwa baba alikuwa amepooza mkono, alibaki nyumbani kutulea sisi wadogo, mimi nikiwa mgongoni kwake, akiosha vyombo na kuimba kwa sauti mbaya kuliko zote katika ukoo huu.

Tarehe 3 Juni 1991 aliajiriwa kuosha vyombo katika jiko la hoteli kubwa, wakambatiza Mama Povu, maana povu lilimfika viwikoni asilalamike. Jiko lile lina desturi yake, mtu akipandishwa cheo, wenzake humsindikiza kutoka kwenye sinki hadi mlangoni wakipiga masinia kwa miiko, na dada alilipenda jambo hilo kupita kiasi, kila akirudi nyumbani anatuonyesha yatakavyolia siku yake. Weee! Wanangu walijua kupiga sinia kabla ya kujua kusoma.

Tarehe 20 Agosti 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu fundi viatu, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1996 na 1999, wote tunao hapa.

Sasa nisikilizeni. Dada alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho, akawafundisha kazi wageni, na wageni haohao wakapanda, huyu mhudumu, yule mpishi, mwingine akawa bosi wa dada mwenyewe, naye dada akawapigia sinia mpaka mwiko ukavunjika. Kila jina lake lilipotajwa, mpishi mkuu alishika kichwa, akauliza Mama Povu akihama masufuria yatabaki na nani, basi uhodari wake ukamfunga palepale kwenye sinki. Nilimwambia dada, wanakutumia hao, punguza kujituma, vunja hata sahani mbili, akacheka mpaka machozi, akasema hawezi kuacha mafuta kwenye sahani ati kwa sababu amemkasirikia bosi. Shemeji ndiye aliyemwambia la maana, kwamba bidii anayo tele ila mdomo hana, aende akaombe mwenyewe. Aliona haya miaka na miaka.

Tarehe 9 Februari 2023 alivua mabuti, akavaa viatu alivyoshonewa na mumewe, akaingia kwa meneja, akasema anataka usimamizi wa zamu, na meneja, mtu mzima na akili zake, akajibu kwamba siku zote alidhani ameridhika. Ameridhika! Nikikumbuka nachemka. Lakini alimpa, aanze tarehe 1 Agosti, na sisi nyumbani tuliruka kama watoto.

Mwezi Julai figo zikamgomea, akalazwa tarehe 12. Siku ya kuanza cheo ilipofika, meneja na wapishi walimfuata wodini na koti jeupe la msimamizi, akalivaa juu ya gauni la hospitali, akaanza papo hapo kukagua vikombe vya wagonjwa. Wenzake wakatoa masinia, muuguzi akawakataza, akasema humu kuna watu wamelala, na dada akawaambia wayatunze, atayataka. Alifariki tarehe 4 Agosti alfajiri, koti likiwa kwenye kiti karibu naye.

Familia inawashukuru madaktari waliohangaika naye, majirani mliotupikia, na ninyi wenzake wa kazini, meneja nawe umo, leo nimekusamehe. Na wewe muuguzi, nakuona pale nyuma, ulikuwa sahihi na hatuna kinyongo, ila leo aliyelala ni mmoja tu, na ndiye aliyeziomba kelele.

Haya, watu wa jikoni, simameni, toeni masinia yenu, kuanzia hapa hadi kaburini. Dada, msimamizi wetu, utapumzika kwa amani baadaye, kwanza pokea kelele zako.