Bi Ufunguo na Mashine Arobaini na Mbili

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake anayemfuata, fundi redio ambaye shule yangu ilikuwa bisibisi, na nitakayosoma ndiyo aliyoniagiza mwenyewe, maana aliniambia kitandani, "Ukinisomea sifa tupu nitaamka nikusahihishe mbele za watu," na mnamjua, angeamka.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1972, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi bomba na mama mshonaji, mama ambaye tunaye hapa leo. Alianza shule ya msingi Januari 1979, na mwaka 1982 akaifungua cherehani ya mama aone sindano inajuaje kupanda na kushuka, akairudisha yote ikabaki skrubu moja, cherehani ikashona vizuri kuliko mwanzo, na skrubu ile mama anayo mpaka leo kwenye kopo la vifungo. Alimaliza sekondari Novemba 1990, akahitimu elektroniki chuo cha ufundi tarehe 3 Desemba 1994, na tarehe 6 Februari 1995 akaajiriwa katika karakana ya vifaa vya hospitali, ghorofa ya pili, meza ya dirishani yenye mguu mmoja uliowekewa kigae, na meza hiyo hakuihama mpaka alipougua.

Hapa ndipo baba mdogo aliponiambia jana, "Hilo la kosa liruke, mwanangu, watu wanakuja kuzika, hawaji kukagua," na mimi kwa heshima zote nilimsikiliza, lakini sikuliruka.

Mwaka 2005 karakana ilitengeneza mashine arobaini na mbili za kulinda friji za chanjo, kila moja ndogo kama tofali, kazi yake kupima joto, kuliandika kwenye kumbukumbu ya flashi ambayo haipotei umeme ukikatika, na kupiga kengele joto likipanda. Dada ndiye aliyepanga kiini cha mfumo, yaani ile programu inayoamka kwanza mashine ikiwashwa, na kukipanga ni kupitia orodha ya mamia ya mistari, kila mstari ukiuliza, hiki kikae ndani ya kiini, au kiwekwe kando kiitwe kikihitajika. Alipofika kwenye mfumo wa faili za flashi, yaani ule ujuzi wenyewe wa kuisoma hiyo kumbukumbu, akachagua kando, ili kiini kiwe chepesi, na huko kando kwenyewe kulikuwa ndani ya flashi ileile. Kiini kikaamka, kikataka kusoma flashi, kikaambiwa ujuzi wa kusoma flashi umo ndani ya flashi, sawa na mtu kufunga sanduku na ufunguo akauacha ndani. Mezani kwake alijaribu ikafanya kazi, kwa kuwa mashine ya mezani ilikuwa ikivuta faili zake kwa waya kutoka kompyuta kubwa, haikuigusa flashi kabisa, na dada hakukumbuka kuuchomoa ule waya.

Jumatatu tarehe 14 Machi 2005 vituo vya afya arobaini na viwili vikawasha mashine, zikawaka taa nyekundu zikanyamaza, na kengele za zamani zilikuwa zimeshang'olewa, maana yake friji ikipata joto hakuna wa kujua, na chanjo za watoto zingeharibika kimyakimya. Simu ya kwanza ilitoka kwa muuguzi msimamizi wa chanjo, akauliza bila salamu, "Wewe fundi, umetuletea mashine au umetuletea taa?" na dada akajibu, "Nimewaletea kosa langu, kaka, wekeni kipimajoto cha mkono kwenye kila friji, muandike kila saa, nami nakuja." Bosi akamnong'oneza, "Sema ni umeme," naye akajibu kwa sauti iliyofika ghorofa ya chini, "Umeme haujanikosea kitu, bosi, nitausingizia kwa nini?"

Alisahihisha mstari ule mmoja, safari hii akachomoa waya na kujaribu, kisha akazunguka vituo vyote kwa siku kumi na moja, kompyuta mgongoni, pamoja na yule muuguzi aliyejua njia, ambaye alimwita Bi Ufunguo tangu kituo cha tatu, na haikuharibika hata chupa moja ya chanjo. Kwenye kituo cha mwisho muuguzi akasema, "Mashine zimekwisha, sasa nitakupigia simu kwa kisingizio gani?" na dada, akikunja waya wake, akamjibu, "Haribu moja." Walioana Jumamosi tarehe 18 Novemba 2006, nami nilinuna wiki nzima, nikisema dada anaolewa na malalamiko, na shemeji, hapo ulipo, nakiri mbele ya watu kwamba nilikosea.

Walijaliwa binti, tarehe 2 Oktoba 2007, na kijana, tarehe 30 Aprili 2010, wakalelewa kwa sheria moja tu, chomoa waya, ambayo ilimaanisha ukisema umekariri shairi funga daftari, na ukisema unajua kuendesha baiskeli, mama anaachia tandiko.

Tarehe 11 Januari 2023 alikutwa na uvimbe kwenye ini, akatibiwa miezi kumi na sita, na shemeji akawa anaandika joto lake kila saa, kwa mwandiko uleule wa mwaka 2005, huku dada akimgombeza kwamba kipimajoto anakisoma upande. Alifariki Jumanne tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliopika na kuosha vyombo bila kuitwa, wafanyakazi wenzake, na bosi wake mstaafu aliyekaa safu ya pili, ambaye aliomba mwenyewe kwamba neno la umeme lisomwe.

Namalizia, jana tuliogopa kutafuta karatasi zake, tukijua mtu akiondoka huondoka na funguo zake, lakini juu ya kabati tukakuta sanduku la bati limefungwa, ufunguo ukining'inia nje kwa uzi mwekundu, na kikaratasi chenye maneno haya, "Nimechomoa waya, nimejaribu mara mbili, linafunguka."

Limefunguka, dada, tena mara ya kwanza, basi pumzika kwa amani.