Faustine Wanzagi na Nyimbo Zilizomlea

Padre wetu, katekista, wazee wa ukoo, ndugu zetu Waislamu mliofika tangu asubuhi kutoka Musoma na Bunda, majirani zetu wa Butiama na wanamuziki wote mliosimama pale nyuma, mimi ni Danford Wanzagi, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ambayo nisingeiomba, ya kuwasomea maisha ya kaka yangu akiwa amelala hapa mbele yetu, nami nawaomba mnivumilie pale sauti itakapogoma.

Marehemu Faustine alizaliwa tarehe 9 Septemba 1974 hapa hapa Butiama, mtoto wa tatu wa Mzee Nicolaus Wanzagi, mkulima wa pamba, na Mama Justina, ambao wote wametutangulia. Mama yetu alikuwa anasaga ulezi kwenye jiwe huku akiimba kwa Kizanaki, na kwa maelezo yake mwenyewe mtoto huyu hakukubali kulala mpaka jiwe lianze, hata alipokuwa mtu mzima akiulizwa nani alimfundisha muziki alimtaja mama kwanza, halafu mzee mmoja wa Kikurya aliyekuwa akipitisha ng'ombe kwenda mnadani akiwa na iritungu mgongoni, kile chombo chao cha nyuzi nane, ambaye siku moja alikaa kivulini akamruhusu azishike nyuzi, na ng'ombe wakaingia kwenye pamba ya baba, na Faustine akachapwa, na alikuwa akisema kwamba fimbo ile aliistahili na asingeibadilisha kwa kitu chochote.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1983 akamaliza mwaka 1989, akachaguliwa kwenda sekondari Musoma mwaka 1990 na kuhitimu kidato cha nne mwaka 1993, na matokeo yake hayakuwa mazuri, kwa sababu huko ndiko alikokutana na gitaa la umeme kwa mara ya kwanza, na walimu wake walilisema hilo kwa baba bila kuficha.

Mwaka 1994 aliajiriwa Bunda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akiwa karani wa mizani, na jioni akapiga rithimu katika bendi ndogo ya pale mjini iliyokufa baada ya miaka mitatu, ndipo mwaka 1998 akahamia Musoma, kata ya Iringo, alikopokewa na Ndugu Yunusu Kudura, fundi redio na mpiga kinanda, kijana wa madrasa aliyekuwa na kaswida kichwani kama kaka alivyokuwa na jiwe la mama, na tangu siku hiyo hadi Alhamisi hii watu wale hawakuachana. Walipiga pamoja kwenye harusi, kwenye mahafali, kwenye sherehe za wavuvi kule Rukuba ambako vyombo vilivushwa kwa mtumbwi vikiwa vimefunikwa maturubai, na pale ambapo imani zao zilitofautiana, mmoja alikaa nje akamsubiri mwenzake amalize.

Tarehe 20 Novemba 1999 Faustine alifunga ndoa na Tabitha, binti wa Kiriba, mwanakwaya aliyemsikia kabla ya kumwona, na kaka alikuwa na kawaida ya kutuambia kwamba alioa sauti ya pili kisha akagundua ina mtu mzima ndani yake, na Mungu akawajalia watoto wawili, Gati aliyezaliwa mwaka 2001 na Revocatus aliyezaliwa mwaka 2005.

Jambo ambalo wengi wenu mnamjua kwalo lilianza mwaka 2011, kwenye duka la Yunusu, ambapo wanamuziki wa Musoma walianza kukutana kila Jumamosi jioni, kila mmoja na nyimbo zake kwenye flashi au kwenye simu, kwa mada iliyotangazwa wiki moja kabla, mara nyimbo za kuagana, mara nyimbo za mvua, mara nyimbo zilizokufanya ushike chombo, na sharti la Faustine lilikuwa moja tu, kwamba mtu haruhusiwi kuleta wimbo kama hawezi kusema ulimfanya nini. Palikuwa na wanaume waliosikika redioni ambao walilia pale dukani kati ya pasi na redio mbovu, kwa sababu ya wimbo ambao baba zao walikuwa wakiupenda, na kundi lilipohamia kwenye WhatsApp likawafikia wapigaji wa Bunda, Tarime na Mwanza, na ujumbe wa sauti wa Faustine wa kufungua mada ukawa unasikilizwa hata na watu wasiopiga chombo chochote.

Mwaka 2015 alianza kukohoa, akatibiwa kifua kikuu akamaliza dozi bila kupona, na mwezi Januari 2016 ikabainika kuwa ni kifua kikuu sugu, akapelekwa hospitali ya mbali, nje ya mkoa wetu, ambako matibabu ya wakati ule yalikuwa na sindano za kila siku kwa miezi mingi, na daktari, ambaye familia inamheshimu mpaka leo kwa kusema kweli, aliwaambia yeye na mkewe kwamba kwa wagonjwa wengine sindano zile huondoka na masikio, lakini kwa hali ya mapafu yake hakuna dawa nyingine ya kumpa.

Kaka aliuliza, "Daktari, ukinitoa masikio nitabaki nani?"

Aliyejibu ni Tabitha. "Utabaki Baba Gati," alimwambia.

Sindano zikaanza. Mwezi wa pili akawa anasikia mlio ndani ya kichwa, mwembamba, usiokata, na alipowaandikia wenzake habari hiyo, Yunusu akatangaza mada ambayo haikuwa na ukomo wa wiki moja, kwamba kila mmoja atume wimbo ambao hataki Faustine apoteze usikivu kabla ya kuusikia, na nyimbo zikamiminika, kutoka kwa watu walioimba kwenye kumbi na watu walioimba jikoni kwao, naye akawa analala na hedifoni na kuamka nazo, wauguzi wakamsihi apumzike, akawajibu kwamba atapumzika sana baadaye. Aliposikiliza wimbo alitaja kilichokosekana. Alianza kwa kusema matoazi yamepotea, kisha filimbi, kisha akauliza kwa nini waimbaji wanawake wote wa Mara wamekuwa wakinong'ona.

Ndipo akaomba wimbo wa mama. Haukuwa umerekodiwa na mtu yeyote, na Yunusu alifunga duka akaja hapa Butiama na kinasa sauti chake, akamkuta mama yetu akiwa mzee, macho yameanza kuingia ukungu, na mama akakataa, akasema, "Mwanangu, huu hauimbwagi bila jiwe," na jiwe letu lilikuwa limeshaondoka zamani, tangu mashine ya kusaga ifike kijijini. Tukatafuta nyumba kwa nyumba, tukalipata kwa jirani limewekwa mlangoni la kufutia miguu, tukaliosha, mama akapiga magoti akasaga na kuimba, ubeti baada ya ubeti, mpaka akaishiwa pumzi. Mtandao ulisumbua, Yunusu akarudi hadi Musoma mjini ndipo wimbo ukaenda, na Shemeji Tabitha, ambaye alikuwa kando ya kitanda akiwa amefunga barakoa, anasema kaka alifumba macho, akausikiliza mpaka mwisho, akaurudia, akaurudia tena, akaongeza sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka, kisha akavua hedifoni akazikunja taratibu, akasema, "Nasikia jiwe. Mama simsikii."

Mama hakuambiwa. Alifariki mwaka 2019 akiamini kwamba mwanawe aliusikia wimbo wake, na kama alikosewa kwa kufichwa hivyo basi leo ameshajua, na wamekwisha kukutana.

Faustine alipona kifua kikuu, akaruhusiwa mwezi Oktoba 2017, akarudi Iringo akiwa kiziwi wa masikio yote mawili, na kipindi kilichofuata familia haiwezi kukipamba. Alikaa akitazama ukuta, aligawa gitaa lake kwa mtu ambaye hakumjua vizuri, alikataa kuzungumza kwa sababu alituona tukishtuka, maana sauti yake ilikuwa imeanza kupanda na kushuka bila yeye kujua, na ilikuwepo miezi ambayo hatukuthubutu kumwacha peke yake, hasa upande wa ziwani, na mtu mzima ameelewa. Tuliomba. Tulizunguka kwa wataalamu wa masikio, tukaambiwa kilichokufa hakiwezi kufufuliwa kwa dawa, tukaenda na kwa watu ambao Padre asingependa niwataje hapa, na huko pia hatukupata kitu.

Aliyemrudisha kwa watu ni Yunusu, alimwandikia kwamba kundi halijapata wa kufungua mada, na kwamba kuandika hakuhitaji sikio. Mwaka 2018 Faustine akaanza tena, kwa maandishi, akizieleza nyimbo kwa kumbukumbu, gitaa linaingia wapi, mwimbaji anavuta pumzi wapi, na wengi mlisema ziligeuka kuwa mada nzuri kuliko za zamani, lakini msichokijua ni kwamba kuanzia mwaka 2022 alikuwa akimwandikia Yunusu pembeni, akimuuliza kama ngoma ya wimbo fulani inatangulia besi au inaifuata, kwa sababu hakuwa na hakika tena, zilikuwa zinamtoka kichwani moja baada ya nyingine na hakuwa na njia ya kuzirudia.

Katika miaka hiyo alimfundisha Gati gitaa kwa kutazama vidole vyake, akimkemea kwa kosa aliloliona na si alilolisikia, na siku Gati alipopiga kwenye mkesha wa harusi pale Bunda, mbele ya watu, baba yake aliona makofi na hakuyaamini, akamvuta Yunusu kando akamuuliza, "Anajua kweli, au mnanihurumia?"

Yunusu alimwandikia kwenye simu, "Mkono wa kushoto bado. Wa kulia umeshakuzidi." Kaka aliitunza simu ile hata ilipoacha kuwaka.

Kovu la mapafu halikumwacha. Mwishoni mwa mwaka 2024 pumzi ilianza kuwa fupi, akalazwa mara kadhaa hapa mkoani, na tangu mwezi Aprili mwaka huu alikuwa kwenye oksijeni, tulihangaika kuipata, tulipiga simu kila mahali, tukaogopa kila umeme ulipoyumba. Siku ya Alhamisi tarehe 15 Mei 2025, mchana, alimwona muuguzi dirishani midomo yake ikicheza, akamuuliza mkewe anaimba nini, na Shemeji akamwandikia kiganjani kwa kidole kwamba haimbi, anahesabu vidonge. Kaka akamtazama tena yule binti, akasema, "Basi anahesabu kwa mdundo," na hilo ndilo neno lake la mwisho, saa tisa alasiri akakata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Tabitha. Ameacha mjane na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, majirani wa Iringo ambao hawakumnyanyapaa alipokuwa na ugonjwa ambao watu huukimbia, jumuiya ndogo ndogo, waumini wa msikiti wa karibu waliobeba mitungi ya oksijeni kwa mikono yao, wanamuziki wa Mara, na Ndugu Yunusu, ambaye tumemwomba akae na wafiwa na si na wageni.

Ndugu zangu, leo ni Jumamosi. Wanakundi wameuliza familia mada ya leo ni ipi, wengine wameshaandaa nyimbo za kumuaga, na tunawashukuru kwa upendo huo, ila Mama Gati ameomba leo asitume mtu wimbo wowote, simu zikae kimya mpaka jua lizame, ili angalau kwa siku moja tukae mahali alipokuwa akikaa yeye kwa miaka yote hiyo. Tumelikubali ombi lake.

Faustine, kaka yetu, sisi tulitamani uisikie hata salamu moja ya mwisho, na hatukuweza. Upumzike kwa amani, ile ambayo hatukujua namna ya kukupa ulipokuwa nasi.