Polikarpo Mutashobya, Mpishi wa Kware wa Bunju

Ndugu waombolezaji, mliofika kwa tope na mvua, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu kama yalivyoandikwa na binti yake, Kokuberwa.

Polikarpo Mutashobya alizaliwa tarehe 14 Machi 1943, kijiji cha Kanyigo, Bukoba, akasoma huko huko mpaka darasa la nane mwaka 1959, na mwaka 1964 akaja Dar es Salaam, akaajiriwa kuwa mpishi katika kantini ya kiwanda kimoja cha nguo, Chang'ombe. Tarehe 20 Julai 1968 alifunga ndoa na Clara, wakajaliwa Allen mwaka 1970 na Kokuberwa mwaka 1974.

Alipika hadi tarehe 30 Juni 1994, kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa, akahamia hapa Bunju, akalima ikashindikana, akauza maandazi ikashindikana, ndipo Januari 1996 akaanza kufuga kware, akiwalisha pumba za ngano na machicha ya bia kwa kuwa chakula cha dukani hakikushikika, lakini vifaranga wakadumaa, kinyesi kikawagandia, wakawa wanakufa kila kukicha. Kokuberwa, aliyekuwa akisomea mifugo Morogoro, alimletea unga wa vimeng'enya, unaosaidia tumbo la ndege kusaga makapi, ila Baba, mpishi wa watu, aliona ni dhambi kumpa mtoto chakula kibichi, akaupika unga ule pamoja na pumba, moto ukaua nguvu yake, majirani wakamtania kwamba kware wake wanakula uji wa mgonjwa na bado hawaponi. Alipoelezwa alinuna kutwa nzima, kisha akaanza kuuchanganya pumba zikishapoa, akionja chumvi kwa mazoea, na vifaranga wakakua, wakataga, nyumba ikapata kula.

Tarehe 2 Novemba 1997 alipatwa na kiharusi akiwa bandani, barabara ikiwa imekatika kwa mafuriko, vijana wakambeba kwa machela hadi lilipopatikana gari, akalazwa akiwa hawezi kusema, mkono wake wa kushoto ukizunguka juu ya shuka kama unaokoroga, mpaka alipofariki alfajiri ya tarehe 9.

Kwetu jembe haliguswi msibani, wala mjane hatoki mkekani kabla ya kuzika, lakini asubuhi hii Mama Allen alitoka akaingia bandani, wazee wakanung'unika kwamba anawahi mali kabla ya maiti, naye anawaomba msamaha, kwani vifaranga wachanga hawavumilii njaa hadi jioni, na wakifa hao hana kingine cha kumweka mjini, wala wanawe hawana cha kumpa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, vijana waliobeba machela, majirani wa Bunju, na wenzake wa kantini waliotembea kutoka barabara ilipokatika.

Pumzika kwa amani, Baba, kware wamekula.