Zibuyile Alinijibu Harrismith

Mchungaji, wazee wa nyumba ya Dladla mliotukubalia kuchimba kaburi katika uwanja wenu, mama yangu MaZwane, ndugu na majirani, mimi ni Mfanafuthi Mabaso, kaka mkubwa wa marehemu, na ukoo umenituma nisome historia yake, ingawa katika ukoo wetu mimi ndiye niliyepaswa kunyamaza.

Zibuyile Mabaso alizaliwa tarehe 17 Juni 1993 hapa Msinga, kitinda mimba wa watoto watatu wa marehemu baba yetu na MaZwane, akazaliwa na baka la zambarau lililofunika nusu ya uso, toka kipajini mpaka kidevuni, wakunga wakasema yao, majirani wakaongeza yao, hata mama akawa hamtoi nje bila kumfunika kitambaa.

Alianza shule Januari 2000, watoto wakambatiza Mkate Ulioungua, wakawa wanamngoja langoni na kumpigia kelele, "Mkate, geuka upande wa pili, huu umeiva!", naye anawapita, anakwenda zake, na mimi niliyekuwa madarasa ya juu najifanya simjui, nalisema hili kwa sababu historia ni historia. Alifika darasa la tisa, mwaka 2008 akaacha.

Kijana wa pekee aliyekuwa anakaa naye dawati moja ni Vumani Dladla, mjukuu wa MaSithole aliyeketi pale mbele, na mnajua Vumani alitoka wapi, mama yake aliitwa mchawi mwaka 2001, nyumba ikachomwa, akalelewa na bibi yake, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kula naye chungu kimoja. Zibuyile alikula naye. Mama alipomkanya alijibu, "Mama, huyu hanitazami baka, ananitazama mimi," na walipendana hivyo, hadharani, bila kumwomba mtu radhi.

Kuhusu kazi, mwezi Agosti 2013 waliondoka pamoja kwa pikapu kuukuu ya Vumani, wakajiunga na wakata manyoya ya kondoo huko Karoo, shamba hadi shamba, yeye Vumani akikata, Zibuyile akichambua manyoya, na wenye mashamba walikuwa wakimtaka Zibuyile kwa jina, maana vidole vyake vilijua daraja la manyoya kabla jicho halijaona. Walilala garini, walipika garini, na picha zote alizomtumia mama miaka ile minne anacheka, uso wote wazi, hakuna kitambaa.

Kuhusu ndoa, mchungaji aliniambia niandike "hakuolewa", nami sitaliandika, kwa sababu tarehe 15 Aprili 2017 wajumbe wawili wa Vumani walikuja langoni kwetu asubuhi kuposa, wakaita sifa za ukoo wetu kama inavyotakiwa, wakaita mpaka sauti zikakauka, na mimi, baba akiwa ameshafariki, ndiye niliyesema lango lisifunguliwe. Jua la adhuhuri likawafukuza. Watoto hakuacha.

Tarehe 2 Agosti 2017, karibu na Colesberg, tandala aliruka barabarani, pikapu ikabiringika, paa likabonyea upande wa abiria alikokuwa amelala Vumani, akafa palepale, na Zibuyile akatoka na mchubuko wa goti. Maiti ililetwa na gari la mazishi, lakini mwili si mtu kamili, mnajua, roho hubaki palipotokea kifo, na wajomba wa Dladla walikataa kwenda kumwita mwenyewe, basi MaSithole akakata kwa mkono wake tawi la mphafa, mti wa kurudishia roho nyumbani, akampa Zibuyile, akamwambia, "Nenda wewe, mke wa mjukuu wangu, umlete nyumbani, na usifungue kinywa kwa mtu mwingine, utampoteza." Alifika pale mahali, akamwita, akapanda naye basi, kiti chake na kiti cha Vumani, anamwambia yeye tu, tunapanda sasa, tunavuka mto sasa.

Mchana wa tarehe 5 Agosti basi lilisimama kituo cha mafuta Harrismith, nami nilikuwa natoka Johannesburg, nikamwona dada yangu amesimama na tawi, nywele timutimu, anazungumza na hewa mbele za watu wanaonijua mimi kuwa shemasi. Nilijua lile tawi ni nini. Lo, nilijua vizuri sana! Nikamwendea, nikasema, "Huna haya? Unamtembeza mtoto wa mchawi kama mume?" Akalikumbatia tawi, akataka kunipita. Nikamshika mkono, nikamtikisa, nikasema kwa sauti, "Nijibu ninaposema nawe! Huyo hana kwao!" Akasema, "Ana kwao, kaka. Kwao ni kwangu." Kisha akajiziba mdomo, akageuka kushoto kwake, akatazama, na sura aliyoifanya pale, ndugu zangu, naiona mpaka leo. Alikuwa amevunja mwiko, na Vumani hakuwa naye tena.

Hakurudi nyumbani. Alipanga chumba Harrismith, akaitengeneza ile pikapu, paa likabaki vilevile, akawa anaendesha kati ya pale na Colesberg akimwita, na siku ya kumi na moja, kwa maneno yake, alimpata. Madereva wa malori waliniambia wanaona watu wawili mle ndani. Desemba alikuja kumwona mama, akaegesha nje ya ua, mama akampelekea sahani mbili kama alivyoombwa, nikapita karibu na gari, joto la kuua mbuzi, na kioo cha upande wa abiria kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi, kwa ndani. Sikukigusa. Nilikwenda kuoga, kama mtu aliyetoka makaburini.

Aliniomba mara tatu. Alisema Vumani kila akikaribia nyumbani hugeuka, anasikia ile kauli yangu ya Harrismith, na sauti iliyomfukuza ndiyo itakayomrudisha, niende na tawi pale pale nikaifute. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikamsomea Biblia. Mara ya tatu ilikuwa Februari, akanipigia simu, akasema, "Kaka, anasahau. Jana kaniuliza mimi ni nani, na huku kanishika mkono." Nikamwambia, "Mwache basi aende!" Akasema, "Nikimwacha ataishika mikono ya nani?" Nikakata simu.

Alilazwa tarehe 20 Februari 2018, vidole vya mkono wa kushoto vimekufa kwa baridi, katikati ya kiangazi, madaktari wakakata viwili, wakaniuliza dada yako anafanya kazi kwenye jokofu? Tarehe 6 Machi alitoroka wodini. Alasiri ya tarehe 9 Machi alikutwa ndani ya pikapu, kituo kile kile cha mafuta, amefariki, mwili wake umeganda, amelalia upande wa abiria, na mkanda wa kiti kile umefungwa.

Tarehe 15 Machi nilikwenda na matawi mawili aliyonikatia MaSithole. Nilisimama pale pale, mchana, watu wakinunua chipsi, nikasema kwa sauti ileile, "Vumani Dladla, una kwenu, nilisema uongo. Zibuyile, mlete mumeo." Nikakata tiketi za viti vitatu. Sikujibu dereva, sikujibu simu ya mke wangu, na mkono wangu wa kushoto ulishikwa njia nzima kwa baridi ambayo siwezi kuieleza mbele ya watoto, mpaka langoni pa MaSithole, mbuzi wa kuwapokea akalia, na mkono ukaachiwa. Ile safari niliyomnyima dada yangu kwa miezi saba ilinichukua mchana mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomlisha Harrismith, wakata manyoya wenzake waliokuja kutoka Karoo na kumbeba begani, na nyumba ya Dladla, ambayo jana ilituma tena wajumbe wawili langoni kwetu, na safari hii lango nililifungua mwenyewe.

Zibuyile, mke wa Vumani, kapumzike naye kwa amani. Mimi sijaomba kusamehewa.