Debe la Mahindi la Mzee Micah Kibii

Miaka thelathini na minne si mchezo. Mzee Micah Kibii aliingia kinu chetu cha kusaga mahindi hapa Rongai mwaka wa 1992 akiwa mpakiaji wa magunia, na Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, anastaafu akiwa nyapara wa ghala. Nywele zimeisha, lakini mgongo wake umenyooka kuliko wenu nyinyi vijana mnaoegemea kila ukuta.

Kazi aliijua kwa mkono. Anautia kwenye gunia mpaka kiwiko, kisha anasema haya ni makavu, haya yarudi kwa jua. Kimashine cha kupima unyevu kilipoletwa, walishindanishwa asubuhi nzima. Kimashine kiliishiwa na betri. Micah alikula chapati tatu akaendelea.

Zamani mkurugenzi alikaa kando ya mzani. Ukiwa na neno unamwambia dirishani. Kisha mkajenga ghorofa, mkabandika ukutani mchoro wa masanduku: wapakiaji chini, halafu nyapara, meneja wa ghala, meneja wa kinu, na mkurugenzi huko juu peke yake kama jogoo kwa paa. Kila mtu aongee na sanduku lililo juu yake tu. Jikoni hamkutuchora hata, na nyote mnakula.

Mwaka ule wa mvua ya Novemba, Micah alitia mkono kwenye magunia ya nyuma akakuta joto. Mahindi yakipata joto, kesho ni kuvu, na kuvu ni sumu kwenye ugali wa mtoto wa mtu. Akamwambia meneja wa ghala. Meneja wa ghala akaandika karatasi. Meneja wa kinu akairudisha, anataka kujua hilo joto ni digrii ngapi. Siku ya nne karatasi bado inazunguka, na kesho yake magunia yasagwe.

Basi Micah akajaza debe, akapanda ghorofa na gambuti zake, akapita milango yote bila kubisha, akalitua juu ya meza ya mkurugenzi.

"Boss, tia mkono."

Boss akatia. Akautoa mbio. Magunia mia nane hayakumfikia mtu.

Sasa sikieni aibu yenu. Habari ya Micah ilishindwa kupanda siku nne nzima. Barua ya onyo, eti ameruka wakubwa wake, ilimfikia kesho yake kabla ya chai ya saa nne. Kumbe kushuka ngazi hii inajua!

Tangu hapo mkurugenzi hushuka ghalani kila Jumatatu, anatia mkono mwenyewe na kunywa chai na wapakiaji. Siku hizi hata panya akitoboa gunia, anajua. Hiyo ni kazi ya Micah.

Lakini barua bado iko kwenye faili. Akiomba itolewe, ofisi ya wafanyakazi inamtuma kwa meneja wa ghala, huyo kwa meneja wa kinu, na huyo anamrudisha ofisi ya wafanyakazi. Hataki zawadi kubwa, mzee huyu. Hataki tu kwenda nyumbani akiitwa mkaidi.

Leo mko wote chini ya hema moja, hakuna aliye ghorofani. Jackie wa ofisi ameleta faili. Iko mezani kando ya keki. Itoeni hiyo barua.

Micah, asante. Uende salama, mahindi yako yakauke kila msimu, na jina lako uende nalo likiwa safi. Kisu cha keki ninacho mimi.

Njoki wa jikoni