Mideva, Mtoto wa Kumzaa wa Mama Khavere

Loice Mideva alizaliwa tarehe 14 Juni 1993 katika nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, za Mbotela, Nairobi, mtoto wa pekee wa Mama Khavere na marehemu Mzee Asava.

Alisoma karibu na Jogoo Road, akamaliza kidato cha nne mwaka 2011, kisha akaingia kazini kwenye bucha ya mjomba wake katika soko la Burma. Mama mjamzito akifika, Mideva alimfungia maini kabla hajaagiza. Akibisha, aliambiwa amuulize aliye tumboni.

Mwaka 2019 alifunga ndoa na Javan Wakoli, wakahamia Umoja. Mtoto alikawia, na Mama Khavere aliumia naye kimyakimya.

Tarehe 3 Machi mwaka huu Mideva alijifungua binti. Damu ikamtoka, haikukoma. Kundi lake lilikuwa O hasi, ambalo halipokei damu ya kundi jingine.

Mama Khavere alikunja mkono wa gauni, akamwambia daktari, "Huyu ni damu yangu. Nitoeni yote, mimi nimeshaishi."

Alipimwa, akaonekana ni A chanya. Aliambiwa damu yake ingemuua mwanawe. Alikataa, akaomba apimwe tena, na jibu likawa lile lile. Majirani walikuja wengi, ila aliyepatana damu na Mideva ni Maingi peke yake, dereva wa Umoja. Damu ya Maingi ilitundikwa, lakini iliyokwisha kumtoka Mideva ilikuwa nyingi mno. Alifariki kesho yake, mama yake akiwa amemshika mguu.

Tangu hapo, kwenye matanga, kuna walionong'ona kwamba damu ikikataana, mtoto si wako. Mama aliyasikia. Amekataa chakula, na juzi alimuuliza Javan kama huenda alibadilishiwa mtoto siku ile ya 1993.

Hayo maneno yametuuma sisi jamaa na majirani zake, na tunayajibu hapa hapa. Daktari ametueleza kuwa mtoto huweza kuwa na kundi tofauti na la mama yake mzazi. Hata kichanga hiki kimetofautiana na Mideva, na sote tunajua kimetoka kwa nani.

Mideva ameacha mume, Javan. Binti yao mchanga. Na Khavere, mama aliyemzaa.

Apumzike kwa amani, dada yetu. Javan ameomba udongo wa kwanza autie mama yake Mideva.