Mama Kemuma Aaga Chumba cha Mafaili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1978, Mama Drusilla Kemuma anakabidhi ufunguo wa chumba cha mafaili cha hospitali yetu, baada ya miaka ishirini na minne ya kazi.

Alitoka Magwagwa mwaka wa 1954, akatukuta tukitupa kadi za wagonjwa ndani ya makasha ya sabuni. Jamani, alitufokea! Ndiye aliyeleta kitabu cha kutolea: faili halitoki bila sahihi ya anayelichukua. Hata daktari mkuu alinuna, akatia sahihi.

Agosti 1971, maafisa wawili wa usalama walikuja kutaka faili la mwalimu Cleophas Nyasani wa Kebirigo. Mama akawaambia habari za mgonjwa hazitoki bila amri ya korti. Kesho yake wakarudi na amri yenye muhuri. Hapo hakuna ujanja. Akawapa faili, kisha akawasogezea kitabu. Mkubwa wao alicheka, akatia sahihi.

Mwalimu alishtakiwa kwa kuhutubia mkutano uliopigwa marufuku, kosa la kumfunga miaka. Nasi tulijua siku ya mkutano huo alikuwa wodini kwetu na malaria, hawezi hata kuketi. Faili lingemwokoa, lakini maafisa walisema hawajawahi kuliona. Mama akaitwa shahidi.

Wiki nzima kabla ya kesi, Landrova ya maafisa wale ilikuwa ikisimama langoni mwa hospitali kuanzia asubuhi. Mfanyakazi mmoja alimsihi Mama akichome kile kitabu, awafikirie watoto wake. Siku ya kesi Mama alikifunga kwenye leso, akapanda basi la Kisii kwenda kortini. Hakimu aliposoma sahihi ile ya afisa, faili lilipatikana alasiri hiyohiyo. Mwalimu akaenda nyumbani kwake.

Mfanyakazi huyo aliyetaka kitabu kichomwe ni mimi, ninayeandika haya. Miaka saba sasa, Mama hajanitaja kwa mtu, wala hajaacha kunisalimu kila asubuhi. Hata leo naogopa, maana sijui karatasi hii itasomwa na nani. Lakini angalau hili niliseme kabla hajaondoka.

Mama Kemuma, nisamehe. Asante kwa kutufundisha kazi. Nenda salama Magwagwa, upumzike na wajukuu, na gari likisikika njiani usiku, liwe la wapita njia tu.